FUNDI UMEME NA MCHOMELEAJI: NANI YUKO HATARINI ZAIDI, NA KWA NINI MISHAHARA YAO HAILINGANI



Swali ambalo wafanyakazi wa viwandani wanauliza kila mahali siku hizi ni moja: kompyuta hizi zenye akili ya kuundwa, ambayo wengi huiita akili mnemba na wengine akili unde, zitamwondoa nani kazini kwanza? Na kijana anayemaliza shule achague ufundi gani, asije akajikuta baada ya miaka kumi amepitwa na mtambo?

Swali hilo halijibiki kwa kubashiri. Tumeona ni afadhali tuchukue kazi mbili za ufundi ambazo kila msomaji wetu anazijua, tuziweke kwenye mizani moja, na tuzipime kwa mambo mawili: hatari ya kuchukuliwa na mashine, na mshahara. Kazi hizo ni ya fundi umeme na ya mchomeleaji vyuma. Zote mbili zinataka mikono yenye ujuzi na macho makali, na zote mbili huua asiyejihadhari. Katika viwanda vingi mafundi hawa hula chakula cha mchana kwenye benchi moja.

Mfano wetu tumeutoa Marekani, kwa sababu mbili. Huko idara ya serikali ya takwimu za kazi hutangaza hesabu za kila ufundi kila mwaka. Tena huko ndiko roboti ya kwanza ya kiwandani ilikoanzia kazi. Baada ya kuona ya huko, tutayaleta nyumbani.

MISHAHARA INASEMAJE

Kwa hesabu za Mei 2024, mshahara wa katikati wa fundi umeme Marekani ulikuwa dola 62,350 kwa mwaka. Maana ya mshahara wa katikati ni hii: wapange mafundi wote kwa mstari, toka anayepata kidogo hadi anayepata kingi, na yule aliyesimama katikati ndiye anayepata kiasi hicho. Mchomeleaji wa katikati alipata dola 51,000. Tofauti yao ni dola 11,350 kwa mwaka. Kwa saa moja fundi umeme anapata karibu dola 30, na mchomeleaji dola 24 na nusu. Hivyo mchomeleaji hana budi kufanya kazi karibu saa tano ili apate kile anachopata mwenzake kwa saa nne.

Idara hiyo hiyo inakadiria kwamba toka 2024 hadi 2034 kazi za mafundi umeme zitaongezeka kwa asilimia 9, na za wachomeleaji kwa asilimia 2 tu.

Msomaji anaweza kusema: basi shauri limekwisha, vijana wote wakajifunze umeme. Tunamwomba asifanye haraka. Hesabu hizi zinatuambia nani analipwa zaidi, lakini hazituambii kwa nini. Na katika hiyo "kwa nini" ndimo lilimo jambo linalotuhusu sisi wafanyakazi.

TISINI NA NNE KWA KUMI NA TANO

Mwaka 2013 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne, walitoa uchunguzi uliopata sifa dunia nzima. Walizipima kazi 702 za Marekani na kuipa kila moja alama ya uwezekano wa kufanywa na kompyuta. Wachomeleaji walipewa asilimia 94. Mafundi umeme walipewa asilimia 15. Kwa jumla wataalamu hao walisema asilimia 47 ya ajira zote za Marekani zimo katika hatari kubwa.

Tangu siku hiyo takwimu hizo zimetajwa katika magazeti mengi, na waajiri wengi wanazipenda. Mfanyakazi aliyeambiwa kwamba kazi yake ina siku chache hana nguvu ya kudai nyongeza. Kwa hiyo ni wajibu wetu kujua alama hizo zilipatikanaje.

Wataalamu hao walianza na kazi 70. Katika mkutano wa watafiti, kila moja ya kazi hizo ilijadiliwa na kuamuliwa kama kompyuta inaweza kuifanya au haiwezi. Kisha kompyuta ikaelekezwa iangalie majibu hayo na kuzikadiria kazi nyingine zote. Kilichopimwa ni kama jambo linawezekana kiufundi. Hawakupima kama mwenye kiwanda ataona faida kununua mashine hiyo, wala kama sheria itamruhusu, wala kama chama cha wafanyakazi kitakubali. Mwaka 2016 watafiti wengine walifanya hesabu upya kwa ajili ya OECD, lile shirika la nchi tajiri. Hawa hawakuipima kazi nzima kwa mkupuo, walitazama shughuli moja moja ambazo mfanyakazi hufanya kwa siku. Jibu lao lilikuwa asilimia 9 kwa wastani wa nchi walizozichunguza. Toka 47 hadi 9 ni mbali sana, na swali lilikuwa lile lile!

Tazama pia yaliyotokea. Zaidi ya miaka kumi imepita tangu mchomeleaji wa Marekani apewe alama ya 94, na bado wachomeleaji zaidi ya laki nne wako kazini huko. Basi alama ile si hukumu. Lakini si uzushi mtupu pia, kwa maana kuna sehemu ya kazi ya kuchomelea ambayo mashine iliichukua zamani.

YALIYOTOKEA LORDSTOWN

Mwaka 1961 kampuni ya General Motors iliweka kazini roboti iliyoitwa Unimate katika kiwanda chake cha jimbo la New Jersey. Ilikuwa mkono mmoja mkubwa wa chuma, na kazi yake ilikuwa kutoa vipande vya chuma vya moto kutoka kwenye kalibu. Miaka michache baadaye mikono kama hiyo ilifundishwa kuchomelea. Kiwanda cha Lordstown, jimbo la Ohio, kilijengwa upya kuanzia 1969 kwa roboti za kuchomelea mabodi ya magari, na sehemu kubwa sana ya viungo vya bodi ikawa haiguswi tena na mkono wa mtu.

Je, wafanyakazi wa Lordstown walipumzika? La hasha. Roboti zilipoongeza mwendo, mstari mzima wa kuunganishia magari uliongezwa mwendo pamoja nazo. Viwanda vingine vilikuwa vikitoa gari kama 60 kwa saa, na Lordstown ikataka zaidi ya 100. Mtu aliyesimama kwenye mstari huo alikuwa na sekunde kama 36 kumaliza sehemu yake kabla gari jingine halijamfikia. Baadaye uongozi ukapunguza watu kwa mamia, na kazi zao wakabebeshwa waliobaki. Machi 1972 wafanyakazi, wengi wao vijana, waligoma kwa siku 22.

Funzo la Lordstown ni la leo pia. Roboti haikumdhuru tu yule iliyemwondoa. Ilimdhuru na yule aliyebaki, kwa sababu hakuna aliyekaa naye mezani kabla mashine haijafungwa ili wakubaliane juu ya mwendo, idadi ya watu na malipo. Kiwanda hicho kilikuja kufungwa na kampuni hiyo mwaka 2019.

AKILI MNEMBA INAONGEZA NINI

Roboti ya zamani ilikuwa na nguvu lakini kipofu. Ilirudia njia ile ile iliyofundishwa. Ukikisogeza chuma kidogo tu, ilichomelea hewa. Kwa sababu hiyo ilifaa pale ambapo kitu kimoja kinatengenezwa mara laki moja bila kubadilika, yaani kwenye magari, majokofu na fremu za pikipiki. Fundi wa karakana ndogo, anayechomelea geti leo na tela la trekta kesho, hakuwa na sababu ya kuiogopa.

Kinachobadilika sasa ni kwamba roboti inapewa macho. Kamera na miali ya leza huutafuta mshono wenyewe ulipo, kompyuta hupima upana wa mwanya, na mtambo hurekebisha mwendo na nguvu ya umeme wakati kazi ikiendelea. Kuna mikono midogo ambayo fundi huishika na kuielekeza njia mara moja, kisha ikaendelea yenyewe. Hata ukaguzi wa picha za eksirei za viungo, kazi iliyotaka jicho la mzoefu, kompyuta inajifunza kuufanya. Maana yake ni kwamba kazi ya vipande ishirini au thelathini, ambayo zamani haikulipa gharama ya roboti, sasa inaanza kulipa.

Hata hivyo mchomeleaji anayelala chali chini ya meli inayotengenezwa, au anayening'inia kwenye nguzo za daraja, au anayeziba bomba kuukuu lililoliwa na kutu katika pembe ambamo mkono wenyewe haupiti vizuri, huyo mashine bado haijamfikia. Chuma chake ni chafu, mwanya haulingani, upepo unavuma, na kila kiungo ni kipya. Kwa hiyo si sahihi kusema "wachomeleaji wako hatarini" kana kwamba ni watu wa namna moja. Ufundi huu umegawanyika mara mbili: wa ndani ya kiwanda, kwenye mstari, ambao unaondoka, na wa nje, wa matengenezo na ujenzi, ambao unabaki na kuzidi kuwa adimu.

Tena tuwe waadilifu, mashine si adui katika kila jambo. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliamua kwamba moshi wa kuchomelea husababisha saratani kwa binadamu. Mapafu ya mchomeleaji hayana spea. Kama mtambo utasimama penye moshi na fundi akasimama pembeni akiuongoza, kwa mshahara usiopungua, hakuna mwanachama atakayeulilia moshi. Ugomvi wetu ni pale mtambo unapoingia kwenye moshi na fundi akatolewa nje ya lango.

FUNDI UMEME NAYE

Kwa nini fundi umeme alipewa asilimia 15 tu? Fikiria siku yake ya kazi. Leo yuko darini akipitisha nyaya katika jengo ambalo hakuna mwenye ramani yake. Kesho yuko mbele ya mota iliyokataa kuwaka, na hitilafu inaweza kuwa kwenye mota, kwenye swichi, kwenye waya uliotafunwa na panya, au kwenye kosa la fundi aliyemtangulia. Anasikiliza, ananusa, anapima, anakata shauri. Akikosea anaweza kuua mtu au kuteketeza kiwanda. Roboti ya kupanda ngazi, kupenya darini na kukata shauri la namna hiyo haijapatikana kwa bei ambayo mwajiri anaweza kuilipa.

Isitoshe, akili mnemba yenyewe inamtafutia kazi. Majumba makubwa ya kompyuta zinazoiendesha yanakula umeme mwingi mno, na kila jumba linahitaji transfoma, nyaya, paneli na jenereta zifungwe na watu. Roboti ya kuchomelea nayo inapozimika, anayeitwa ni fundi umeme. Mashine ile ile inayompunguzia kazi ndugu mmoja inamwongezea ndugu mwingine.

Lakini asibweteke. Vitambuzi vinavyofungwa kwenye mota na kupima mtikisiko na joto lake usiku na mchana humwambia msimamizi mapema kwamba mota itaharibika. Kujua huko zamani kulikuwa ujuzi wa fundi mzoefu peke yake. Michoro ya nyaya inaweza kuchorwa na kompyuta. Nyaya na paneli zinaweza kufungwa tayari katika karakana, zikaletwa kwenye jengo kuunganishwa tu na watu wachache. Sehemu ya kichwa inaweza kuchukuliwa, akabaki na sehemu ya ngazi na jasho. Na mwenye jasho tupu hulipwa jasho tupu.

KWA NINI MMOJA ANALIPWA ZAIDI

Sasa tufike kwenye kiini. Je, fundi umeme anamzidi mchomeleaji dola 11,350 kwa sababu ana ustadi zaidi? Anayesema hivyo hajawahi kuona kiungo cha bomba la mvuke kikipita ukaguzi wa eksirei bila tundu hata moja.

Tunaona sababu tatu. Ya kwanza ni leseni. Katika majimbo mengi ya Marekani sheria inamtaka fundi umeme awe na leseni. Mwajiri hawezi kumwokota mtu ye yote barabarani na kumpa kazi hiyo. Mchomeleaji hupimwa kwa mtihani wa aina ya kiungo atakachofanya, na hupata cheti, lakini kwa jumla hakuna leseni ya serikali inayoulinda ufundi wake.

Ya pili ni uanagenzi. Fundi umeme hujifunza kwa miaka minne au mitano, akifanya kazi ya kulipwa kama saa 2,000 kila mwaka, pamoja na masomo ya darasani. Sehemu kubwa ya mafunzo hayo huendeshwa kwa pamoja na waajiri na chama chake, IBEW, kilichoanzishwa mwaka 1891. Mtambo mpya unapokuja, somo lake huingizwa darasani, na mwanachama hujifunza kabla hajaachwa nyuma. Wachomeleaji wengi hujifunza kwa miezi michache tu, na wengine kwa gharama zao wenyewe.

Ya tatu ni umoja. Wachomeleaji wametawanyika: wengine wako katika chama cha watengenezaji wa boila, wengine cha mafundi bomba, wengine cha wajenzi wa vyuma, wengine cha magari, na wengi hawamo katika chama cho chote. Na hapa ndipo penye ushahidi mkubwa. Mchomeleaji wa mabomba aliye ndani ya chama chenye uanagenzi na mkataba anaweza kulipwa sawa na fundi umeme au hata kumpita. Kwa hiyo hatari na ujira havitokani na ufundi peke yake. Vinatokana pia na nani anashika mlango wa kuingilia katika ufundi huo, nani anafundisha, na nani anakaa mezani mashine inapokuja.

KWETU HALI IKOJE

Mambo hayo matatu yanaonekana hata huku. Tanzania leseni za mafundi wa kufunga umeme hutolewa na EWURA, na Kenya hutolewa na EPRA. Mchomeleaji wetu hana mlango kama huo. Vyeti vipo, vya VETA kwa upande wa Tanzania na vya mitihani ya madaraja ya NITA kwa upande wa Kenya, lakini hakuna anayezuiwa kuchomelea geti kwa kukosa cheti. Faida yake ni kwamba kijana maskini anaweza kuanza kazi chini ya mwembe. Hasara yake ni kwamba bei yake hushushwa na kila anayekuja na mashine ya kuazima.

Wako wanaosema: huku mishahara ni midogo, roboti haitakuja. Ni kweli kwamba mwenye karakana hawezi kununua mtambo wa maelfu ya dola kumwondoa mtu anayelipwa kwa siku. Lakini mshahara duni si ngao. Roboti haina haja ya kuja yenyewe, hutuletea kazi zake. Mwaka 2023 China peke yake ilifunga zaidi ya nusu ya roboti zote mpya za viwandani duniani. Kinachochomelewa huko hupakiwa kwenye makontena, kikashushwa Mombasa na Dar es Salaam: milango ya chuma, fremu, vitanda, viti. Mchomeleaji wa Gerezani au Gikomba hataiona roboti iliyochukua kazi yake. Ataona wateja wamepungua tu.

Upande wa pili kuna kazi zinazomtaka. Bomba la mafuta ghafi toka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kila kipande lazima kiunganishwe na kingine kwa mchomeleo unaokaguliwa. Kwenye kazi ya namna hiyo hata mzoefu wa miaka ishirini hapiti kama hana cheti kinachotambulika. Ujuzi anao, karatasi ya kuthibitisha hana. Hilo si kosa lake. Ni pengo ambalo vyama vyetu na vyuo vyetu vinapaswa kuliziba.

TUDAI NINI

Kwanza, mkataba wa hiari uwe na kifungu kinachomlazimisha mwajiri kukitaarifu chama kabla mtambo haujaagizwa. Mtambo ukishafungwa, mazungumzo yamechelewa.

Pili, anayefundishwa kuongoza roboti ya kuchomelea awe mchomeleaji aliyekuwa akifanya kazi hiyo, na afundishwe kwa saa za kulipwa. Yeye ndiye anayejua kiungo kizuri kinafananaje, na mashine isiyo na mtu wa kuijua kazi yake hutoa uchafu kwa haraka zaidi.

Tatu, mwendo wa kazi na idadi ya watu vijadiliwe pamoja na mashine, isije Lordstown ikajirudia.

Nne, ufundi wa kuchomelea vitu vinavyoweza kuua, kama vile boila, matangi, madaraja na mabomba, uwekewe leseni kama umeme, na wazoefu wapimwe kwa mikono yao, wasidaiwe kwanza vyeti vya shule.

Tano, mafundi umeme wasijitenge. Alama ya 15 waliyopewa leo si hati ya kumiliki kesho.

Kama kuna anayedhani madai ya namna hii ni ndoto, atazame makuli wa bandari za mashariki ya Marekani. Oktoba 2024 waligoma kwa siku tatu na kupata ahadi ya nyongeza ya asilimia 62 kwa miaka sita. Januari 2025 wakafikia makubaliano juu ya mitambo pia, yenye kulinda nafasi za kazi pale teknolojia mpya inapoletwa. Kazi yao nayo ilikuwa imeandikwa katika orodha ya zile zitakazokufa.

Tunawaomba viongozi wa matawi waisome makala hii pamoja na wanachama, na kila tawi lijiulize maswali mawili. Mkataba wetu unasema nini kuhusu mashine mpya? Na kama hausemi neno, utajadiliwa tena lini?